Vifaa vya Kusomea Nyumbani: Nani Aandike Orodha?

Suala la zana za kufundishia limekwisha jadiliwa mara nyingi katika majarida ya vyuo vya ualimu, na kila mwanachuo aliyepitia somo la mbinu ameandika angalau insha moja kulihusu. Hata hivyo, karibu kila mara zana zinazozungumzwa ni zile za darasani: ubao wa mwalimu, chati za ukutani, kona ya sayansi, meza ya duka. Ni nadra kukuta mjadala juu ya zana ambazo mtoto atazihitaji pale darasa lisipokuwapo. Sisi tunaona kwamba pengo hili si dogo, na kwamba walimu wanaojiandaa kuingia kazini hawana budi kulifikiria mapema, kabla wazazi hawajawabishia hodi na kuwauliza.

Kwamba watauliza, hatuna shaka. Tarehe 17 Machi 2020 ilitangazwa kuwa shule za Tanzania Bara zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na za msingi hazikufunguliwa tena mpaka tarehe 29 Juni. Kenya nako shule zilifungwa mwezi huo huo, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Uganda ndiko kulikokawia zaidi: baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, kisha yakafungwa tena, na shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Mtoto wa huko aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuzijua herufi alikaa nyumbani karibu miaka miwili. Lakini haifai tudhani kuwa jambo hili ni la korona peke yake. Mto hufurika ukakata njia ya shule kwa wiki tatu. Mtoto huvunjika mguu akalazwa kitandani miezi miwili. Likizo ya Desemba huja kila mwaka. Kwetu Tanzania masomo ya nyumbani hayawezi kuchukua mahali pa shule, kwani Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Tunachokizungumzia hapa ni zile wiki na miezi ambapo mzazi, apende asipende, ndiye mwalimu aliyepo.

Katika miezi ile ya 2020 tulipata nafasi ya kuona nyumba mbili zilizopakana, ambazo hatujaacha kuzikumbuka. Katika nyumba ya kwanza mzazi alikuwa na uwezo, naye alipopata habari za kufungwa shule alikwenda dukani siku ile ile akanunua madaftari dazani mbili, penseli za rangi, tufe la plastiki, na chati tano zenye picha za wanyama, matunda na viungo vya mwili. Tulipopita wiki ya nne, chati zilikuwa bado zimeviringishwa kwenye mfuko wake, tufe lilikuwa mpira wa mtoto mdogo, na madaftari sita yalikuwa yameanzwa na kuachwa: ukurasa wa kwanza tarehe, neno "Zoezi" lililopigiwa mstari kwa rula, hesabu mbili tatu, basi. Katika nyumba ya pili mama alikuwa muuza vitumbua. Yeye hakununua kitu. Tulipomwuliza kuhusu masomo ya wanawe wawili, alitujibu kwa haya kidogo kwamba hana vifaa, na kwamba watoto wanasubiri shule ifunguliwe. Wakati akisema hayo alikuwa akifunga vitumbua kwa karatasi za gazeti zilizojaa maandishi, na wanawe walikuwa chini ya mwembe wakicheza bao.

Akaongeza neno moja: "Mwalimu hakutuambia tutafute nini."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Wazazi wale wawili walitofautiana kwa fedha, lakini kasoro yao ilikuwa moja, nayo haikuwa yao. Wote wawili waliamini kwamba kufundisha nyumbani huanza kwa kuwa na vitu. Mmoja alivipata vitu, mwingine akavikosa, na watoto wa nyumba zote mbili hawakusoma. Hapana mtu aliyewaambia kwamba kifaa hufuata somo, wala si somo kufuata kifaa. Huu ni msemo tunaoufundisha chuoni kila mwaka, nao huandikwa vizuri kwenye karatasi za mitihani. Lakini mwanachuo huyo huyo, akiisha kuajiriwa, huwagawia wazazi orodha ya mahitaji ya Januari iliyonakiliwa kutoka ile ya mwaka uliopita, yenye madaftari, rula, ndoo na ufagio, bila kuonyesha hata mahali pamoja kitu fulani ni cha kufanyia nini. Mzazi amezoea orodha za namna hiyo. Si ajabu basi kwamba alipoachiwa kazi ya kufundisha alikimbilia duka.

Yafaa tujifunze kidogo kwa wenzetu waliolifanya jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1906 shule moja ya mji wa Baltimore, Marekani, iitwayo Calvert, ilianza kuuza masomo kwa njia ya posta kwa wazazi walioishi mbali na shule. Baadaye masomo hayo yaliwafikia watoto wa wamisionari na wanadiplomasia katika nchi nyingi. Kilichopelekwa kilikuwa kifurushi chenye vitabu, karatasi na penseli, pamoja na mwongozo uliomweleza mama, somo baada ya somo, siku baada ya siku, la kufanya. Hatukisifu kifurushi kile kwa kila jambo. Kilikuwa cha kuuzwa, na mengi yaliyomo yalihusu maisha ya nchi nyingine. Lakini mpangilio wake ni wa kualimu. Mzazi hakuachwa akishangaa rundo la vitu. Kila kitu kilikuwa na siku yake. Huko Australia, ambako Shule ya Hewani ya Alice Springs ilianza mwaka 1951 kwa kutumia redio za madaktari warukao, watoto wa mashamba ya mbali nao walipata vitabu na mazoezi kwa posta ili sauti ya mwalimu isipotee hewani bila mahali pa kushika. Kwa maneno mengine, aliyeandika orodha alikuwa yule yule aliyepanga masomo.

Sasa tujaribu kufanya hivyo hivyo kwa mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la tatu, kwa kuwa maelezo ya jumla hayamsaidii mtu anayeanza kazi.

Tuanze na daftari, maana ndicho kitu kinachonunuliwa kwa wingi kuliko vyote. Kutoka tarehe 17 Machi hadi 29 Juni 2020 zilipita wiki 15 pungufu ya siku moja. Tukihesabu siku 5 za kazi kila wiki, tunapata siku 75. Mtoto mdogo nyumbani, akisimamiwa na mzazi mwenye shughuli nyingine, haandiki zaidi ya kurasa 2 kwa siku na zikawa kurasa za maana. Hizo ni kurasa 150. Daftari la kurasa 48 likitumika lote, yatatosha manne, na ukurasa kadhaa utabaki. Manne, si dazani mbili. Mwalimu anayeweza kumwambia mzazi "nunua manne, na lisianzwe la pili kabla la kwanza halijaisha" amemwokolea fedha, na zaidi ya hayo amemfundisha mtoto kumaliza alichokianza. Penseli mbili, kifutio kimoja. Kichongeo tunakiacha kwa hiari ya mzazi. Wembe hatuutaki kabisa mikononi mwa mtoto wa miaka saba, ingawa tunajua kwamba ndio unaotumika katika nyumba nyingi.

Tena hata hayo manne yanaweza kupunguzwa ikiwa nyumba ina kibao. Pwani yetu inalijua jambo hili tangu kale. Watoto wa vyuo vya Kurani walijifunza kuandika kwa ubao mmoja wa mti, wakauosha, wakaandika tena, na wala hakuna aliyesema kwamba hawana vifaa. Kipande cha ubao laini au cha bodi ya kabati bovu, chenye upana wa daftari mbili, hupakwa mkaa uliosagwa na kuchekechwa, uliochanganywa na uji mzito wa muhogo. Hupakwa mara mbili na kuachwa kikauke vizuri. Kifutwe kwa kitambaa kikavu, maana maji yatauondoa weusi wote pamoja na maandishi. Kwa chaki, vipande vinavyobaki darasani vinatosha, na vikikosekana kipande cha muhogo mkavu huandika. Hapa tuna onyo moja. Baadhi ya watu hupaka mbao kwa ule unga mweusi wa ndani ya betri kuukuu. Unga huo una kemikali zisizofaa kushikwa na mtoto, na mwalimu asiufundishe wala asiunyamazie anapouona.

Katika kusoma, mtoto wa darasa la kwanza hahitaji chati ya wanyama. Anahitaji silabi anazoweza kuzishika na kuzihamisha. Chukua konsonanti tano, b, k, l, m na t, uziunganishe kila moja na irabu zote tano: zitapatikana silabi 25. Zikatwe kadi kutoka katoni la sabuni au la biskuti, na kila silabi iandikwe mara mbili, ziwe kadi 50. Wanachuo wengi husahau huko kurudia. Hutengeneza kadi 25 nzuri sana, kisha mtoto anataka kuandika "mama", "baba" na "kaka", maneno ya kwanza kabisa ya moyo wake, anakuta kadi iko moja tu. Kwa kadi hizi 50 mtoto atapata bata, kuku, kiti, meli, mabati, tabibu, na siku moja, bila kuambiwa, atapata kitabu. Kaka yake wa darasa la tatu apewe karatasi ya gazeti ya kufungia vitumbua, kabla haijapata mafuta, atafute maneno kumi anayoyaweza na matatu asiyoyaelewa, ayaandike, na jioni amwulize mtu mzima. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kulisimamia zoezi hilo: kazi yake ni kuhesabu maneno kumi na matatu, na kumsikiliza mtoto akiyasoma.

Katika hisabati ndipo nyumba zetu zilipo na utajiri wa kweli. Wale watoto wawili chini ya mwembe walikuwa na bao lenye mashimo 32 na kete 64, nasi tuliposimama pale tulijilaumu, maana wao walikuwa na zana ambayo darasa letu la mazoezi halikuwa nayo. Mwambie mtoto agawe kete 64 sawasawa katika mafungu mawili, kisha achukue fungu moja aligawe tena, na tena. Atapata 32, 16, 8, 4, 2, na mara ya 6 kete 1. Kisha mwambie aanze na kete 60. Atapata 30, atapata 15, halafu atakwama, na hapo atataka kujua kwa nini. Hakuna maelezo ya namba shufwa na witiri yanayoweza kuushinda mkwamo huo. Kwa kutoa, vijiti 100 vya fagio la chelewa vilivyofungwa kumi kumi vinatosha. Mtoto anayetoa 17 katika 43 atakuta vijiti vitatu pekee nje ya mafungu, akalazimika kufungua fungu moja. Na neno "kukopa", ambalo darasani huwa kama uganga, litakuwa kitendo cha mkono. Visoda, kokoto na mbegu za ubuyu ni vyema pia. Kunde na maharage tunayaogopa mahali penye watoto wadogo, kwa kuwa huyatia puani na masikioni.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba sisi ni katika wale wanaohubiri kuwa kila kitu kinapatikana uani, na kwamba mzazi maskini hana haja ya kitu cha fedha. Sivyo. Mahubiri hayo yametuchosha, na tunaona yana udhalimu ndani yake. Kokoto haziwezi kuwa kitabu. Gazeti la vitumbua ni la kuchezea maneno. Halina hadithi yenye mwanzo na mwisho iliyopangwa kwa uwezo wa mtoto, wala halimpeleki kutoka maneno mepesi hadi magumu. Mtoto aliyekwisha shika silabi na kukosa kitabu cha kusoma husimama pale pale, na asipoangaliwa hurudi nyuma. Penseli, karatasi na kitabu ni vitu vya kununuliwa, na hakuna ubunifu wa mwalimu utakaovigeuza kuwa vya bure. Swali ni nani amevinunua na viko wapi.

Vitabu, kwa sehemu kubwa, vimekwisha nunuliwa. Viko shuleni.

Katika shule moja ambako wanachuo wetu walikwenda kufanya mazoezi ya kufundisha baada ya kufunguliwa kwa shule, tulialikwa kushuhudia kufunguliwa kwa kabati la vitabu. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli muda wote wa miezi ile mitatu na nusu, ili vitabu visipotee. Kwa kweli havikupotea. Vilikuwa humo vyote kwa idadi yake kamili, isipokuwa safu mbili za chini zilikuwa zimeliwa na mchwa hata vitabu vya kusoma vya darasa la pili vikabaki magamba yenye udongo ndani. Mwalimu aliyekuwa na ufunguo alisimama kimya muda mrefu. Hatukuwa na la kumwambia, wala hatumlaumu yeye peke yake. Angeazimisha vitabu vikapotea, angeulizwa. Vikiliwa na mchwa ndani ya kabati, hilo huandikwa kuwa ni hasara ya kawaida. Utaratibu wa namna hiyo humfundisha mwalimu mwaminifu kuogopa watoto kuliko mchwa.

Tunajua yatakayosemwa. Vitabu ni mali ya serikali, wazazi huhama, mtoto mmoja atavichana na mwingine atavitumbukiza kisimani. Yote haya hutokea. Lakini kitabu kilichochanika mikononi mwa mtoto kimesomwa hadi pale kilipochanikia, na hilo ndilo tofauti. Mahali ambapo vitabu havitoshi mtoto kwa mtoto, tunashauri vigawanywe kwa nyumba wala si kwa watoto: nyumba tatu jirani zipate kitabu kimoja cha kusoma na kimoja cha hisabati, mzazi mmoja atie sahihi au alama ya kidole gumba katika daftari la kuazimisha, na vitabu vizunguke kila Ijumaa. Kazi hii ni ya saa mbili siku ya mwisho kabla ya shule kufungwa. Haiwezi kufanywa na mwalimu ambaye hakuifikiri kabla, kwa sababu siku ya mwisho huja kwa haraka, kama ilivyokuja ile ya Machi 2020.

Kuhusu redio tutasema kidogo tu. Vipindi vya masomo vilivyotangazwa kwa redio na televisheni wakati ule vilikuwa na manufaa kwa waliovipata. Lakini redio bila betri ni sanduku, na tuliwasikia wazazi wakisema kwamba betri zilikwisha kwa muziki na taarifa ya habari kabla ya saa ya somo. Ikiwa mwalimu anategemea redio, betri ziandikwe katika orodha, na saa ya kipindi iandikwe mbele yake.

Hivyo basi, tunapendekeza jambo moja katika mafunzo ya vyuo vyetu. Kila mwanachuo aendapo mazoezi ya kufundisha atakiwe kuleta, pamoja na azimio la kazi na maandalio ya masomo, karatasi moja ya ziada: orodha ya nyumbani ya wiki nne kwa darasa analofundisha. Isizidi ukurasa mmoja, na iandikwe kwa Kiswahili ambacho muuza vitumbua ataweza kusomewa na mwanawe akakielewa. Upande wa kushoto kiwe kifaa na idadi yake. Upande wa kulia siku kitakapotumika na kazi kitakayofanya. Kifaa kisichokuwa na siku kifutwe. Vya kununua vitiwe bei ya duka la kijiji kile, si ya mjini, na jumla yake ipigwe chini, ili mwanachuo aone kwa macho yake ni kiasi gani anamwomba mzazi. Vitabu vya kuazima kutoka shuleni viorodheshwe peke yake, baada ya mwanachuo kwenda mwenyewe kabatini na kuvihesabu.

Kisha karatasi hiyo ipelekwe kwenye nyumba mbili kabla haijaletwa kwetu kusahihishwa. Mwanachuo aketi na mzazi, aisome naye, na aweke alama mahali alipoulizwa swali. Sisi tutaanza kusahihisha kwenye alama hizo.